Mbegu Iliyopikwa Msibani

Mwanamke ninayetaka kumweleza hapa alikuwa mwenye nyumba wangu kule Busale, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye chumba chake cha uani sikumsikia hata siku moja akisema ana malengo. Malengo nilikuwa nayo mimi. Niliyaandika kwenye karatasi, nikayabandika ukutani juu ya kitanda, nikayasoma kila asubuhi kwa wiki mbili, kisha karatasi ikaanza kubanduka pembe moja na mimi nikaiacha ibanduke. Yeye hakuwa na karatasi. Alikuwa na nyuzi nyekundu za cherehani, amezizungushia kijiti, kijiti amekichomeka kwenye kilemba.

Nyuzi hizo zilinitisha mwanzoni. Nilipangiwa shule ya msingi ya huko nikitokea Muheza, na kichwa changu kilijaa hadithi tunazosimuliana kuhusu watu wa mbali. Wiki ya tatu nikapita kando ya shamba lake la mpunga, nikaona masuke yamefungwa nyuzi nyekundu, moja hapa, jingine kule katikati ya maji. Sikusimama. Nilifika shuleni nahema, nikamwambia mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa pale pale, kwamba nimepanga kwa mganga. Mwenzangu alicheka hadi akatafuta kiti.

"Yule harogi mtu," alisema. "Anamtafuta mama yake humo."

Habari yenyewe niliipata vipande vipande, vingine kwa majirani, vingine kwake mwenyewe siku alizokuwa na hamu ya kuongea. Marehemu mama yake alikuwa na mpunga wake. Si kwamba aliubuni, aliupata kwa mama mkwe wake, lakini aliutunza vizuri hivi kwamba watu waliuita kwa jina lake. Ukipikwa, jirani wa nyumba ya tatu anajua. Mama yule alipofariki watu walikuja wengi, kutoka milimani na kutoka ziwani, na kule msiba haukai na njaa: watu wanalala siku kadhaa na wote wanakula. Wanawake wa jikoni wakamfuata binti wa marehemu, ndiye huyu mwenye nyumba wangu, wakamuuliza mchele uko wapi. Alikuwa amejifunika khanga usoni. Hakuinua kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea stoo, akasema, "Chukueni humo."

Humo kulikuwa na magunia mawili ya mpunga. Moja la chakula. La pili lilikuwa la mbegu.

Wakatwanga yote mawili. Kilichokuwa kinamuuma zaidi, aliniambia, ni kwamba yeye mwenyewe alikula sahani nzima, akaisikia ile harufu, akalia kwa kumkumbuka mama, na bado hakushtuka. Aligundua watu walipokwisha kuondoka. Lile gunia la mbegu lilikuwa tupu, limekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kinu. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa ameoa na kuhamia Matema, alikuwa bado hajaondoka. Akalitazama gunia, akamtazama dada yake, akasema mbele ya wajomba, "Mama umemzika mara mbili." Akachukua koti lake akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwenye ile nyumba.

Marehemu hakuwa mchoyo. Maisha yake yote aligawa mbegu, bakuli kwa huyu, bakuli kwa yule. Kwa hiyo msimu wa kupanda ulipokaribia, majirani waliosikia yaliyotokea wakaanza kuleta mabakuli, mmoja mmoja, bila kuitwa. Kila mmoja alisema, "Huu niliupata kwa mama." Ni kweli waliupata kwake, lakini katika mashamba yao na katika maghala yao ulikuwa umekwisha kuchanganyika na mipunga mingine kwa miaka mingi. Mwenye nyumba wangu akapata gunia zima la mpunga wa kila namna, mfupi, mrefu, mweupe, wenye ncha za kahawia, na mama yake yumo humo, punje hapa, punje pale. Akapanda wote. Ulipotoa masuke, akaingia na nyuzi.

Nilipomfahamu alikuwa amekwisha kulifanya hilo misimu mingi, na aliendelea kulifanya misimu yote niliyokaa kwake. Suke alilolishuku alilifunga uzi. Alilivuna peke yake kwa kisu kidogo, akaliweka kwenye bahasha, na msimu uliofuata kila suke lilipata mstari wake kwenye jaruba la pembeni, kipande kidogo kilichozungukwa na tuta. Mstari ukitoa maua, alikwenda pale jua likishapanda kidogo, kabla upepo wa ziwani haujaanza, akapita taratibu huku ameinamisha pua. Mpunga wenye harufu huanza kunukia ukiwa bado shambani. Hilo sikulijua, nami nilikuwa nafundisha sayansi. Mstari uliopita mtihani wa pua ulipandwa tena ili upatikane wa kutosha sufuria dogo, na wa sufuria ulipikwa kwa maji matupu, bila mafuta, bila nazi, bila chumvi. Anafunua kifuniko, ananusa, anaonja kijiko kimoja, anafikiri.

"Siyo," anasema.

Alilisema neno hilo bila huzuni yoyote, kama muuza duka anayekwambia sabuni zimeisha. Kisha anatuita tule. Nimekula wali mtamu sana pale uani kwake, wali ambao Muheza tungeufanyia sherehe, na kila sahani ilikuwa ni mwaka wake mmoja au miwili iliyokwenda bure. Niliwahi kumwambia, kwa ujuaji wa mtu wa Tanga, kwamba angetia tui la nazi ungenoga zaidi. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, nazi inafunika. Mimi natafuta, wewe unanishauri nifunike?"

Sasa mtu akisikia haya atadhani alikuwa mtu wa subira. Hapana. Sijapata kuona mtu asiye na subira kama yule. Alikunywa chai haijachemka. Kwaya aliiacha kwa sababu mazoezi yalikuwa yanarudiwa, na kusuka mikeka aliishia kwenye mkeka mmoja, tena ulioishia nusu. Kanisani mahubiri yakizidi urefu alizua kikohozi, akatoka nje na hakurudi. Mwezi wa Ramadhani aliniletea futari ya ndizi za kupika, alikuwa na moyo huo ingawa yeye ni Mmoraviani, lakini aliileta mapema na kusimama mlangoni akigombana na redio yangu. "Jua si limezama? Huyu wa redioni anangoja nini?" Mimi nashika kopo la maji, nangoja adhana, yeye anahesabu ndege wanaorudi kulala.

Basi nikawa nashangaa, mtu wa namna hii anapata wapi nguvu ya kuinama majini mwaka baada ya mwaka akitafuta kitu ambacho pengine kimekwisha kupotea? Nilimuuliza, maana nilihitaji jibu kwa ajili yangu. Nilikuwa nimejiandikisha masomo ya shahada kwa njia ya posta, nikaacha, nikajiandikisha tena, nikaacha tena, na vitabu nilikuwa nimevisukuma chini ya kitanda. Kuku wake mmoja alikuwa akiingia humo kutaga. Kila aliponikuta nimejilaza mchana alichungulia dirishani: "Mwalimu, vitabu vimetotoa?"

Jibu lake halikuwa la maneno. Alinichukua asubuhi moja ya mvua, mvua zile za Kyela za mwezi wa nne zinazonyesha kana kwamba zimelipwa, nikajua leo hakuna kazi itakayofanyika. Mito ilikuwa imejaa. Tulifika shambani, akakaa kwenye tuta, akatumbukiza miguu majini, akajifunika mfuko wa mbolea kichwani, akatulia. Hakung'oa jani hata moja. Baada ya muda akainuka, akasema twende.

"Tumekuja kufanya nini, mama?"

"Kuonekana."

Nikamwambia sijaelewa. Akasema siku ambazo moyo hautaki, hajilazimishi kufanya kazi, maana akijilazimisha atauchukia mpunga. Anakuja tu aonekane, kisha anarudi nyumbani. "Wewe si unaita majina darasani? Mtoto mgonjwa akija akakaa tu, si unamwandika yupo?" Nikasema ndiyo, namwandika. "Haya."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, pengine kuliko chochote nilichofundishwa chuoni. Na bado nisingependa mtu amwone kama malaika, kwa sababu kuna mwaka aliacha kabisa. Mto ulivunja kingo ukalibeba jaruba la pembeni, mistari yote, na nyuzi zake tukaziona zimenasa kwenye magugu mbali huko chini. Mwanawe wa Mbeya akapiga simu: "Mama, mchele si upo dukani? Hebu panda kakao, upumzike." Akasema sawa, basi, nimeacha. Alilisema wazi, mbele yetu, akaomba maombi yafanywe kuhusu jambo hilo kanisani, akalima mpunga wa kisasa kama watu wote na akavuna vizuri. Mimi nilifurahi, nikiri. Kushindwa kwake kulinipa nafuu fulani, kana kwamba na mimi nimesamehewa deni la vitabu vyangu.

Halafu mpunga ukaanza kutoa maua, nikamkuta amesimama kwenye shamba la jirani, shamba la watu, amefumba macho, anainamisha pua. Msimu uliofuata alishusha fungu la masuke lililokuwa likining'inia juu ya moshi jikoni kwake muda wote ule, limekuwa jeusi kwa masizi. Nikamwambia, lakini mama ulisema umeacha.

"Nilisema nimeacha. Sikusema nimetupa."

Kitu kingine ambacho sikukizoea ni uchoyo wake wa mbegu. Chochote kingine angekupa. Ndizi, parachichi, kuni, shuka la mgeni. Lakini ukimwomba hata bakuli la mpunga wa kupanda, uso unafunga. Majirani walinung'unika kwamba mama yake hakuwa hivyo. Mimi mwenyewe nilimwomba mara moja, kidogo tu nipeleke Muheza kwa likizo, akasema hapana, haraka na kwa ukali. Alisubiri hadi kesho yake ndipo akanieleza kwamba bado siyo wenyewe, na akiutoa ukiwa siyo wenyewe watu watauita kwa jina la mama yake, na huo ndio utakaobaki. Nilimwelewa, ingawa kiburi changu kilikuwa bado kinauma.

Sasa nifike kwenye lile lililotaka kummaliza. Aliugua, homa na kifua, akalala wiki nzima, akapona. Tukashukuru Mungu. Lakini chakula chake kikabadilika. Maharage yakawa na chumvi isiyolika, na mchuzi vilevile. Nilidhani ni uchovu. Kisha siku moja nikiwa chumbani nikasikia harufu ya kuungua, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa kando ya jiko anachambua mchicha, na sufuria la maharage nyuma yake linatoa moshi mweusi. Aliniona nalikimbilia ndipo akageuka. Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ameogopa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ile homa. Hakuna kitu, mwalimu. Sabuni, kahawa, moshi. Hakuna."

Kipindi hicho hicho alikuwa na mstari mmoja aliouamini. Ulipita shambani msimu uliotangulia, pua ikiwa nzima, na alikuwa amevuna wa kutosha kupika. Alikuwa amekaribia hivyo. Na duniani kote harufu ile ilikuwa imebaki kwenye kichwa chake tu na kichwa cha mtu mwingine mmoja. Sisi wengine tungesema nini? Mimi nilinusa nikasema unanukia vizuri mno, akanijibu kwa upole kwamba mimi naijua nazi. Majirani wazee waliuonja, huyu akasema ndio, yule akasema sio, kwa kuwa wao waliula siku mojamoja. Aliyekulia kwenye sufuria lile pamoja naye alikuwa kaka yake wa Matema.

Alikwenda. Watoto wake walimwambia mzee yule ni mgumu, atakutukana, na yeye alikwenda na sufuria limefungwa kwenye kitenge. Kaka yake, aliyekuwa hainuki tena kitandani kwa sababu ya miguu, alionja kijiko kimoja akasema, "Huu wa dukani," akageukia ukutani. Mwenye nyumba wangu alirudi Busale, akachukua mstari mwingine uliokuwa wa pili kwa sifa, akaupanda, akangoja msimu. Akaenda tena. Safari hiyo mzee alikula vijiko vitatu. "Unafanana," alisema. "Siyo." Haya alinisimulia mwenyewe aliporudi, amekaa kwenye ngazi ya chumba changu, na nikamwona anatoa kijiti cha nyuzi kwenye kilemba na kukichomeka tena, anakitoa, anakichomeka. Kesho yake alfajiri alikwenda kuonekana. Nilimfuata kwa mbali nikamwona amekaa kwenye tuta, na jioni ya siku hiyo nikavuta vitabu kutoka chini ya kitanda, nikamwondoa kuku.

Mwaka huo huo nilihamishwa, na kwa bahati nilihamishiwa Matema. Nikapata nyumba karibu na ziwa, milima ikiwa nyuma ya choo changu, na sikumwona mwenye nyumba wangu kwa msimu mzima na zaidi.

Jumamosi moja asubuhi akabisha hodi. Alikuwa amepanda bodaboda hadi Ipinda, kisha gari. Amekonda, kilemba kile kile.

"Ugonile, mwalimu," alinisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Karibu."

Hakutaka chai. Alitaka jiko. Akatoa mchele kwenye kikapu, akaupepeta uani kwangu, akaosha, akabandika. Ulikuwa mstari uliochelewa, alisema, ule ambao siku zote aliuruka kwa sababu masuke yake yalikuwa mafupi, na yeye alikumbuka masuke marefu. "Nilikuwa mtoto, mwalimu. Kila kitu kilikuwa kirefu." Mkono wake ukaingia kwenye kopo langu la chumvi, ukachota, ukatia. Nikaona. Nilijua utaratibu wake, maji matupu, na nikafungua mdomo niseme, lakini maji yalikuwa yanachemka na uso wake ulikuwa hauambiliki. Njia nzima ya kwenda kwa kaka yake nikawa najilaumu kwa kutosema.

Kaka yake alikuwa chumba cha mbele, kitanda karibu na dirisha, mzee mrefu mwenye nyusi nyeupe. Mwenye nyumba wangu alipiga magoti mlangoni, akamwamkia kwa Kinyakyusa, akajibiwa kwa mguno. Akafunua sufuria. Harufu ikajaa chumba chote, mimi na mjukuu wa nyumba ile tukaangaliana. Yeye tu ndiye aliyekuwa hana habari, anautazama uso wa kaka yake.

Mzee alipewa sahani. Akala kijiko kimoja. Cha pili, cha tatu. Akaweka kijiko pembeni, akala kwa mkono. Alikula hadi sahani ikabaki na punje chache, akaziokota hizo nazo kwa kidole. Kisha akakunja nyusi, akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Umetia chumvi," alisema. "Mama alikuwa hatii chumvi."

Akamsogezea sahani. "Ongeza."

Mwenye nyumba wangu hakuongeza. Alitoka nje, akashika ukuta, akalia kwa sauti kama siku ya msiba wenyewe, na majirani wakatokeza kuuliza nani amefariki. Ilibidi mimi ndiye nimwongezee mzee wali, nikamwaga kidogo, akanigombeza.

Aliporudi ndani alikuwa amekwisha kunawa uso. Akatoa kwenye kikapu makopo mawili ya plastiki yaliyojaa mpunga wa mbegu, akayafunga tena vifuniko kwa nguvu. Moja akaliweka kwenye mto, karibu na kichwa cha kaka yake. La pili akanipa mimi.

"Mama, mimi sina shamba."

"Tafuta. Nyumba moja haitoshi, wewe unajua kilichotokea." Akashika mikono yangu na kopo lililokuwa ndani yake. "Na sikia, mwalimu. Siku ya msiba wangu watakuja kuulizia mchele. Huu useme huna."

"Na msiba wangu," alisema kaka yake kitandani, mdomo umejaa.